Mahali pa Kufikia Wageni wa Kericho

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Baba amekubali! Wanakuja likizo Kampala — Baba, Mama, mdogo wangu Vera na watoto wake wawili. Baridi ya Kericho imewachosha. Wanataka joto, ziwa, na mji uliochangamka. Kazi ya kutafuta pa kufikia ni yangu, maana chumba changu cha Kisugu hakitoshi hata viatu vyao. Ojera atanisaidia. Miaka mitatu tuko pamoja na kwetu hawajamwona. Na yeye hajatamka neno la ndoa. Miaka mitatu!

Alhamisi, 5 Desemba
Ggaba, baada ya kazi. Nyumba safi, ziwa lile pale. Lakini mjini ni mbali, na harufu ya samaki imehamia kwenye mapazia. Mwenye nyumba, Mama Nabangala, kasema ndiyo manukato ya Ggaba. Nimecheka. Baba asingecheka.

Jumamosi, 7 Desemba
Old Kampala na Ojera. Yuko ofu, leo hana zamu kituoni cha polisi. Ghorofa juu ya duka la vitambaa, vyumba vitatu, roshani. Chini ni kelele tupu — honi, wachuuzi, wanafunzi. Baba hupenda kutazama watu kuliko televisheni. Hapa hapa! Ojera kabonyeza godoro kama trafiki anayekagua tairi. Halafu kaomba ampigie Baba mwenyewe. Moyo paa! Kamwambia mahali pamepatikana, waje tu. Baba kashukuru, kakata.

Jumapili, 8 Desemba
Mungu wangu. Vera kapiga, anacheka mpaka analia. Eti Ojera alisema: "Mahari nimepata, mzee. Mzuri sana. Nyinyi kuja tu."
Mahari!
Afande wangu amekulia kambi ya polisi hapa hapa mjini. Kinywani mwake l na r hupokezana zamu. Mimi nimezoea, sisikii tena. Baba kasikia. Kamwita Mjomba Oketch na wazee wawili. Sasa ni watu wanane. Mama kashona gauni.

Jumatano, 11 Desemba
Sijamwambia mtu. Nikisahihisha, Baba ataaibika mbele ya wazee. Nikinyamaza, Ojera ataingia mtegoni. Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma: nataka iwe mahari. Nataka sana.

Ijumaa, 13 Desemba
Tuko Old Kampala tangu asubuhi, tunatandika. Nimemwambia yote. Kacheka mpaka kakalia ndoo. Kisha kaichukua simu. Katoka kwenda roshani, kampigia mama yake Gulu. Kiacholi chote kimenipita — nimeshika jina langu, "Loice", mara mbili, na "Kericho". Karudi. "Waambie wakuje. Mahari iko."
Nikamuuliza ipi, ya kulala au ya kuolewa? Karudia polepole, kama mimi ndiye nisiyejua Kiswahili: ma-ha-ri. Akaenda kuazima viti dukani.
Vera kapiga sasa hivi. Wako mpakani Busia. Baba anauliza, suti avae huko huko au akifika? Nimesema subiri. Ojera anapanga viti sebuleni. Nilidhani atavielekeza dirishani, wageni watazame mji. Hapana. Anavipanga safu mbili, zinatazamana, kama za wazee wa posa —