Neno la Kapteni Ngwira

Jumatatu, 7 Julai
Tena ng'ombe kwenye uwanja wa ndege. Makadeti wote wanamtuma Shija akawafukuze. "Nenda kaongee na ndugu zako, Msukuma." Anacheka. Anasema afadhali ng'ombe, sisi Wandamba tukipewa ndege tutaitumia kuvulia samaki. Mjinga huyu, ndiye ninayempenda kuliko wote hapa.

Nimeruka na Kapteni Ngwira, mkufunzi wetu. Nilitua vibaya mno, ndege ikadunda kama mpira. Kanifokea mpaka masikio yanawasha. Nimejichukia.

Jumatano, 9 Julai
Darasani: maneno ya kukabidhiana usukani, kwa Kiingereza. Anayeachia anatamka, anayepokea anarudia, ndipo mkono utoke. Safi. Angani hakuna anayekumbuka. Kapteni mwenyewe anasema "haya" tu. Haya, endelea wewe. Haya, achia, nashika mimi. Neno lile lile! Mimi huangalia mikono yake ndipo nijue.

Shija haangalii. Kwao kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu. Nikamwambia, wee, adabu iache chini. Eti nimekuwa Mzungu.

Ijumaa, 11 Julai
Kapteni Ngwira amefariki.

Shija alikuwa anakuja kutua, Kapteni pembeni yake. Tulikuwa chini tunatazama. Ndege ilikuja vizuri tu. Halafu ikainamisha pua, kama haina mtu ndani. Hakuna aliyeinyanyua. Ikapiga kwenye mashamba ya mpunga upande wa mto Lumemo. Mpunga ulishavunwa, ardhi ngumu. Tulikimbia. Nilimfungua Shija mikanda, nikamvuta. Alikuwa anarudia, "Alisema haya, nikaachia. Alisema haya."

Nimenawa na kunawa. Mikono bado inanuka mafuta.

Jumapili, 13 Julai
Misani sikuweza kusali.

Bwenini wameshahukumu. Shija kaachia usukani, Shija kaua. Juzi tu walikuwa wanakula naye sahani moja. Washenzi.

Nimekwenda hospitali. Wamemkata mguu wa kulia. Hasemi habari ya mguu. Kauliza kimoja tu, "Nimemuua?" Nikamwambia alale.

Jumanne, 15 Julai
Wakubwa wa uchunguzi wamefika. Wametuita mmoja mmoja. Marehemu alikabidhi usukani kwa neno gani? Wenzangu wote wamejibu, "Kwa utaratibu, afande." Marehemu hasemwi vibaya, najua. Nimelelewa hivyo hivyo.

Mjane wake alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, kajitanda khanga mpaka machoni. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu." Mwanangu! Nusura nigeuke nirudi.

Nimeingia, nimesema. Alisema "haya" akishika na "haya" akiachia. Hata kwangu. Siku ile yeye na Shija, kila mmoja alidhani mwenzake kashika. Mkubwa akaniuliza kama najua namchafua nani. Nikasema namjua, afande, ndiye aliyenifundisha kuruka.

Nilipotoka sikuthubutu kuangalia benchi.

Jumatano, 16 Julai
Nimekula peke yangu. Nilipokaa, meza nzima iliinuka. Potelea mbali. Lakini nimelia chooni, kama mtoto.

Jumamosi, 19 Julai
Majibu yametoka. Kosa si la Shija. Nilikimbilia hospitali kama mwehu.

Baba yake amefika kutoka huko Mlimba. Mzee mrefu, mpole, kofia mkononi. Nilimwamkia, nikawaambia wote wawili pale pale kitandani: wakubwa wamesema hana kosa. Shija akafumba macho. Nikaona kifua chake kinashuka, pumzi ndefu. Nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi.

Mzee akanishika mkono. "Ahsante sana, binti yangu. Wakubwa wamesema yao. Lakini mtu kafa mkononi mwa mwanangu. Kesho nitakwenda kwa mjane, nikamwombee radhi."

Nikasema, mzee, hana kosa, imeshaamuliwa. Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Kwa upole kabisa. Angenifokea ningejua la kujibu.

Shija aligeukia ukutani. Nilimwita. Mzee akamvutia shuka begani, akakaa.

Nimerudi kambini kwa miguu. Nimefua sare. Kesho kutwa naruka na mkufunzi mpya.