Naziua Balbu za Gari Langu kwa Makusudi ili Nimwone Anayeziuza

Mpendwa mshauri, kabla hujanicheka naomba unisikilize mpaka mwisho, maana sina wa kumwambia, shangazi yangu ninayekaa naye hana kifua cha siri na rafiki zangu wote ni wateja wangu wa keki, nikimwambia mmoja habari itafika harusini kabla ya keki yenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, niliachika zamani na mambo ya mapenzi nilishayafungia kabatini, kazi yangu ni kuoka keki na kuzipeleka mwenyewe kwenye sherehe kwa gari langu dogo, na kwa kuwa sherehe nyingi ni za jioni lazima gari liwe na taa za kueleweka. Yote yalianza taa moja ilipozima nikiwa njiani na keki ya ghorofa tatu, shangazi kaishikilia kiti cha nyuma kama mtoto mchanga, nikakata kona nikaingia duka la vipuri lililo jirani na kituo cha mafuta, na nyuma ya kaunta nikamkuta yeye.

Mshauri, nikueleze vipi? Si kwamba ni mzuri wa kutisha, kipara kimeshaanza kubisha hodi na miwani yake kaifunga kwa waya, lakini ile balbu mpya aliishika kwa karatasi laini, akainyanyua kwenye mwanga, akaniambia taratibu, "Dada, sikiliza. Hiki kioo usikiguse kwa mkono mtupu. Vidole vina mafuta, na balbu ikipata moto, pale penye mafuta panachemka kuliko pengine. Itaungua mapema au ipasuke kabisa. Wewe shika hapa chini kwenye chuma." Mimi nikaitikia ndiyo ndiyo, kumbe nasikia sauti tu, maneno yaliniingia nikiwa nimeshafika nyumbani. Akatoka nje kuifunga mwenyewe, akaona vioo vya taa vimekuwa vya manjano kwa uzee, akavisugua mpaka vikang'aa bila kunitoza kitu, na shangazi huko nyuma akapaza sauti, "Huyu baba ana mikono mizuri, angefaa kukanda unga!" Nilicheka mpaka nikasahau chenji.

Basi nikawa naomba taa iungue tena nipate sababu ya kurudi, nayo haiungui, nikawa naiwasha mchana kweupe gari likiwa limesimama uani, haiungui, mpaka siku moja natoka kupaka siagi vyombo vya kuokea, mikono inateleza, lile neno la mafuta likanirudia. Mshauri, nilifungua boneti, nikaichomoa balbu, nikaipapasa kioo chote, nikairudisha. Haikuchukua muda ikafa. Niliruka jikoni kwa furaha hadi shangazi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Tangu hapo mimi ni mteja wa kudumu. Yeye huniuliza, "Leo unataka ipi?" na kunieleza bila kuchoka kwamba zipo za mwanga mkali kupita kiasi ambazo hazidumu, maana uzi wake wa ndani unafanyishwa kazi ya watu wawili, na zipo za mwanga wa kutosha zinazodumu, nami kila mara nachagua ile kali kuliko zote, anadhani napenda mwanga kumbe nataka ife haraka, na nikifika nyumbani bado naiongezea siagi. Ile iliyokufa huniomba niiache, anaigeuza, anaitazama, anaguna, anaiweka kando. Majirani wanaliita gari langu Chongo kwa jinsi lisivyokaa na macho mawili, na shangazi anasema linakula balbu kuliko petroli, lazima pana mkono wa mtu. Mshauri, mkono ni wangu!

Nisikufiche na hili. Juzi magharibi nilitoka na taa moja makusudi, ile ya upande wa katikati ya barabara imekufa, ili kesho yake nipate cha kumpelekea, na mzee mmoja wa baiskeli aliyekuwa anakuja mbele yangu akadhani mimi ni pikipiki, akaja moja kwa moja akijua nafasi ipo. Nilikanyaga breki, yeye akakwepa akaishia kwenye nyasi, kofia ikaenda njia yake na keki ikalala ubavu. Alinyanyuka mzima, akacheka, nami nikacheka, lakini toka hapo niliendesha mwendo wa konokono.

Sasa kilichonishikisha kalamu ni hiki. Jana nilipokwenda na nikamsimulia ya yule mzee, hakuniuliza nataka ipi. Aliingia stoo akatoka na boksi la balbu mbili, akavaa glavu, akazipangusa kwa spiriti, akazifunga zote mbili, akalielekeza gari kwenye ukuta wa duka akarekebisha mwanga usipige watu machoni, na nilipotaka kusaidia akasema, "Wewe usiguse. Kaa hapo." Nilipoingia kulipa nikaona rafuni balbu zangu zote zilizokufa zimepangwa mstari, yeye akanipa risiti na kuniambia, "Haya dada. Hizi ni imara, mwanga wake unatosha, na zina waranti. Hutakuwa na haja ya kuja hapa kwa muda mrefu." Nilitoka nikiwa sijui mlango uko wapi.

Je, mshauri, amenifukuza kistaarabu? Amegundua? Anawaonyesha wateja balbu zangu kama mfano wa mtu asiyesikia? Pete hana, nimevikagua vidole vyote kumi. Siagi ninayo, boneti najua kuifungua, na mkono unaniwasha. Nizipake na hizi, au nifanyeje? Nisaidie upesi, leo nimetia chumvi mahali pa sukari keki mbili mfululizo.

Mimi, Mpishi wa Keki

*

Mpishi wa Keki, weka hiyo siagi chini. Kaoshe mikono kwa sabuni, kisha rudi uendelee kusoma.

Nimecheka, sitakudanganya. Nilikusoma kwa sauti hapa ofisini na mhariri wangu, mtu ambaye hacheki hata siku ya mshahara, ilibidi atoke nje kupumua. Lakini tulipofika kwa yule mzee wa baiskeli niliiweka barua mezani. Dada, huyo ni baba wa watu! Wewe ulicheka kwa sababu alinyanyuka. Asingenyanyuka je? Ungeandika barua gani, na ungeiandikia wapi? Taa za gari si za dereva peke yake. Anayekuja mbele anazitumia kujua wewe ni kitu gani na una upana gani, na wewe ulimnyima hilo ili ukapate kutazamwa na mwanamume wa kaunta. Mtafute huyo mzee. Muombe radhi bila kucheka, umkagulie hiyo baiskeli, na umpelekee keki, ile ya sukari tafadhali.

Sasa tuje kwa bwana balbu. Unauliza kama amegundua. Ewe mwanamke! Mtu anayeuza balbu kila siku ya Mungu ashindwe kuijua balbu iliyopapaswa? Kioo kilichoguswa huungua na doa lake, na la kwako ni la siagi. Huyo alijua mapema sana, ndiyo maana akaguna. Na mfanyabiashara aliyepata mteja anayeua bidhaa mwenyewe na kurudi kununua nyingine, tena ile ya bei ya juu, kwa kawaida hufanya nini? Hunyamaza akakuuzia mpaka mzeeke wote wawili. Huyu hakufanya hivyo. Uliposema habari za mzee tu, akaenda stoo akakuletea kitu cha kumkatia yeye mwenyewe biashara. Kwa hiyo la kufukuzwa lifute. Mtu anayekufukuza havai glavu.

Lakini usianze kuruka jikoni. Nakuona. Huenda alifanya hivyo kwa kuwa ni muungwana na ameona utaua mtu, basi, hapana zaidi. Huenda ni lile unaloliota. Mimi ni mshauri, si mpiga ramli, na balbu za rafuni siwezi kuzisoma nikiwa hapa mezani. Pete nayo si ushahidi, wapo wanaoiacha nyumbani kwenye kisahani cha sabuni. Utamuuliza kwa mdomo wako kama ana mke. Akisema ninaye, unamshukuru kwa balbu, unageuza gari, unalia kwako, na shangazi anakupikia chai. Hakuna aliyekufa kwa jibu.

Kuhusu taa zenyewe nisikilize, na wasomaji wengine wenye magari na wasio na wachumba wasikilize pia. Hizo alizokufungia ziache kama zilivyo. Amekuchagulia vizuri kuliko ulivyokuwa unajichagulia: mwanga wa kukuonyesha njia, na uhai wa kukufikisha mwisho wa njia. Zikija kuisha kwa uzee, tazama namba iliyoandikwa kwenye kitako cha balbu na ununue namba hiyo hiyo, na wati zile zile, maana ukizidisha wati utayeyusha soketi na waya ukidhani unaongeza mwanga. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Zilianza kazi siku moja, zitachoka karibu siku moja. Zile zenye rangi ya buluu zinazokonyeza dukani achana nazo, mvua ikinyesha hazikuonyeshi njia, utalia. Na kila ukibadilisha, gari litazame ukuta mwanga upimwe, kama alivyofanya yeye. Kumpofua mwenzako hakukufanyi wewe uone.

Tumemaliza ya gari. Limebaki lako, nalo ndilo zito. Tangu mwanzo ulikuwa unaingia pale na balbu mkononi kwa sababu ya woga: akikukatalia, imekataliwa balbu, wewe hujaguswa. Umeachika mara moja ukaumia, nakuelewa, pole sana, nami sisemi hayo kwa mzaha. Lakini mficha uchi hazai. Hata akikupenda, atampenda vipi mteja ambaye kila akija anazungumzia wati? Yeye amekuambia hutakuwa na haja ya kuja. Hakukuambia usije. Mtu akienda mahali asipokuwa na haja napo, mwenye duka hana tena cha kumuuzia, atalazimika kumtazama usoni.

Nenda Jumatatu asubuhi, siku ambayo huna sherehe, duka likiwa ndiyo limefunguliwa. Shangazi abaki nyumbani, nasema abaki. Usivae nguo ya harusi ya watu. Keki usipeleke, maana keki nayo ni balbu nyingine, utajificha nyuma yake. Ingia mikono mitupu. Ataangalia nje kwenye gari, atakuuliza, "Imeungua tena?"

Mwambie, "Zinawaka zote mbili. Nimekuja kukuona wewe."

Kisha nyamaza. Usieleze, usicheke, usiulize bei ya kitu chochote. Zamu ya kuongea ni yake.