Gari la Wageni Limekwenda Issenye

Eunice, kaa kwanza. Mokami wetu ameaibishwa leo mbele ya meneja wa kambi hapa Ikoma, na kosa si lake.

Ule mfumo wao wa kompyuta si unaujua, huduma mbili zinazopeana taarifa. Ya Ashiraf inapokea wageni, ya Mokami inaita magari. Neno "kituo" lilikuwa mahali mgeni anaposhukia. Leo asubuhi Ashiraf kalifanya liwe mahali atakapotembelea. Hakumwambia mtu. Nakuambia hakumwambia mtu.

Basi gari likaenda Issenye, kwenye shule watakayotembelea kesho. Wageni, wazee tupu, wamesimama juani uwanja wa ndege, nyati wanakula majani pembeni.

Meneja akauliza, "Mokami, gari lako liko wapi?"

Kabla hajajibu, Ashiraf akadakia, "Upande wangu unafanya kazi vizuri."

Upande wake! Kana kwamba wageni wameshukia upande wake.

Mokami akamuuliza kwa nini hakusema. Eti, "Sisi tunafuata ajaili, ule mtindo wa kubadilisha programu haraka haraka."

"Haraka sawa," Mokami akamwambia. "Lakini huduma yangu inategemea yako. Ungesema, tungezijaribu pamoja."

Meneja kasema kuanzia leo wanarudi kuitana kwa redio. Kazi yote ile bure, Eunice.

Mokami kachukua funguo za gari la kambi, akamfungulia Ashiraf mlango. "Panda. Wageni utawaeleza mwenyewe."

Akapanda. Ndio wanatoka getini sasa hivi.