Ramani ya Badriya Imelishinda Daftari Langu

Maskati, 3 Februari 2025. Leo nimetimiza miaka hamsini na miwili, miezi minne na siku sita tangu nilipopanda meli bandarini Mkoani, nikakiacha kisiwa chetu.

Mpendwa Bi Mwanapili wa safu ya ushauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi ya tarehe 15, maana nikichelewa nitakuwa nimemdhulumu dada yangu mara ya pili. Nilipoondoka Pujini nilichukua daftari nililochoramo shamba la marehemu baba, mikarafuu mia moja na kumi na minane, kila mmoja na jina lake, Mkaidi, Bibi Harusi, Kigego, na tangu hapo nimeliendesha shamba lile kutoka huku, kwanza kwa barua, kisha kwa kaseti tulizorikodi na kuwapa wasafiri, kisha kwa simu, nikiamuru upi upaliliwe na upi uachwe, na dada yangu Badriya, niliyemwacha ana miaka kumi na miwili, akiitika, "Ndiyo, kaka." Nikiuliza, "Mkaidi mwaka huu kazaa?" hujibu, "Kazaa, kaka, mpaka matawi yamelala."

Mwaka jana likafika shehiani darasa la stadi za kidijitali, katika ule mkakati wa serikali unaotaka kila mwananchi, hata mkulima wa Pujini, aweze kujihudumia kwa simu yake. Mkakati huo niliusoma wote na nikausifu mbele ya wenzangu hapa, lakini Badriya aliponiambia kajiandikisha nilimkataza. "Umri huu ukakae na watoto kubonyezabonyeza? Ukitaka kujua kitu, si mimi nipo?" Akaenda darasani hivyohivyo.

Kazi ya kumalizia darasa ilikuwa kutengeneza kitu kitakachofaa nyumbani, naye akaingia shambani na simu wiki tatu, mti kwa mti, akipiga picha, akiweka alama ya mahali, jina na hali yake, na wiki iliyopita akaniletea ramani yake nikaifungua na daftari langu mkononi. Mikarafuu yangu iliyosimama ni arubaini na mmoja, mingine ramanini ni miche nisiyoijua. Mkaidi alianguka mwaka 1988. Miaka thelathini na saba, Bi Mwanapili, nimekuwa nikiamuru wafu wapaliliwe, na nyumba nzima ikiniitika! Nilipompigia alilia kidogo, kisha akacheka. "Kaka, weye uko mbali. Nani angekwambia Mkaidi kafa? Tuliona kukwambia ni kukupa tanzia kila msimu."

Ramani yake imekuwa ya kwanza darasani, na Jumamosi hiyo inatakiwa aioneshe Mkoani mbele ya wakubwa, kisha awe mwalimu wa darasa jipya la Mgogoni. Hatasimama mpaka nimpe ruhusa, kwa sababu, asema, ramani yake inamkosoa kaka yake mbele za watu. Tena anataka niende nyumbani. Sijasema ndiyo, sijasema hapana, nimesema inshallah tu. Kilichoniuma si miti. Nilimkataza kwa kuwa akijua mwenyewe, mimi sitaulizwa kitu tena. Nifanyeje?

Nabhan

Bi Mwanapili anajibu:

Mzee Nabhan, shikamoo. Nimeanza na heshima ili nikishaimaliza nikuseme.

Kuondoka kwenu na daftari moja tu si jambo dogo, na anayelicheka hajaondoka. Lakini mkakati uliousifu barazani umeukataza ulipobisha hodi kwa dada yako! Ulidhani "kila mwananchi" ni wa nyumba ya jirani?

Na nyie wa Pujini nawasema. Mkubwa hafichwi msiba kwa kuheshimiwa. Mkarafuu ukifa, semeni umekufa. Badriya ndiye aliyevunja kimya hicho, na kwa adabu, maana kakuletea wewe kabla ya wakubwa wa Mkoani.

Tena ramani hukuitazama vizuri, umehesabu waliokufa tu. Ifungue upya uhesabu miche aliyoipanda bila ya amri yako.

Kisha usimpigie simu, ataitika "Ndiyo, kaka." Rikodi sauti kama kaseti zenu za zamani, isikilizwe na nyumba nzima. Ile sababu uliyoniambia mimi, mwambie yeye. Ruhusa itoe bila sharti, hata la kukutaja usimwekee. Na kuhusu kwenda, usimjibu "inshallah" ikiwa moyoni unajua ni hapana. Mmeshadanganyana kwa upole miaka ya kutosha.

Maskati, 17 Februari 2025

Bi Mwanapili, nilirikodi siku ileile nilipokusoma, nikasema yote. Miche niliihesabu mara mbili: ni mia mbili na sita, na hata mmoja sikuuamuru mimi.

Jumamosi nilimwona kwa simu, kavaa buibui jipya, ramani imejaa ukuta mzima nyuma yake. Mkubwa mmoja akamuuliza, "Bi Badriya, majina haya ya miti kakufundisha nani?"

"Kaka yangu," akasema. "Nani kafa na nani mzima, hayo nimejifundisha mwenyewe."

Ukumbi ukacheka, kisha ukasimama. Na mimi nilisimama, peke yangu sebuleni.

Mche wa mwisho kwenye ramani, karibu na kisima, Badriya kaupa jina langu, Nabhan. Una miaka mitatu na hali yake ni nzuri. Jana aliniuliza tena nitakwenda lini, na safari hii sikusema inshallah. Nilimwambia aupalilie, na kwamba mimi sitarudi.