Masanja Hasemi "Mustakabali"

Mlowo, Mbozi

Mwangaluka, mayu, mama yangu.

Mgongo unaendeleaje? Na mvua imewafikia, au inaishia kwa majirani kama kawaida yake? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaniuma vidole, ila nakula, nalala, nakwenda kazini. Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yako naiogopa. Nikipiga anapokea Kabula, nikituma meseji anasoma Kabula, na tukianza kuzungumza mnaweka sauti ya juu hadi kuku wanasikia. Kwa hiyo barua hii nimempa mama mmoja wa kanisani anayekuja huko msibani, na nimemwapisha aitie mkononi mwako. Vaa miwani, kaa ndani, isome mwenyewe polepole. Kabula ni mdogo wangu na nampenda, lakini haya si yake.

Nianze na kazi. Unajua tangu baba yake mwanangu Masanja avuke pale Tunduma, eti anakwenda Zambia kutafuta, akapotelea hukohuko, mimi kila msimu nachambua kahawa kwenye ghala la tajiri yuleyule. Tunakaa mezani, kahawa inamwagwa mbele yetu, tunatoa punje nyeusi, zilizotobolewa na zilizovunjika. Msimu huu tulipofika getini, msimamizi akatuambia vibarua hawahitajiki tena. "Siku hizi tunachukua wanagenzi," akasema. Wanagenzi ndio nini? Akatueleza kwamba ni watu wanaofundishwa kazi, na serikali inamlipa tajiri kwa kila kichwa anachokifundisha. Lakini wawe vijana. Mama Nzowa, yule aliyenikaribisha mezani siku ya kwanza, akaambiwa umri umemtupa mkono. Alijifunga kitenge chake vizuri, akarudi kwao Hasamba. Mimi nikaulizwa, "Wewe uko tayari kuanza kujifunza?" Kujifunza nini, mayu? Meza ile naijua kuliko kitanda changu. Nikaikumbuka kodi ya chumba, nikasema niko tayari.

Wiki iliyopita wakaja wageni wa serikali na kamera zao. Tulivalishwa makoti mapya, ambayo jioni yake tuliyarudisha. Dada mmoja mgeni akainama karibu yangu, akauliza kwa upole, "Umeshajifunza nini mpaka sasa?" Nikaokota punje nyeusi, nikamwonyesha. "Hii ni mbovu," nikasema. Wakapiga makofi. Haki ya Mungu, walipiga makofi. Kisha tajiri akaitwa mbele, akashukuriwa kwa kuwa mdau mkubwa wa maendeleo, na yeye akajifuta jasho kana kwamba amebeba magunia.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Siku ya malipo ya kaya maskini wewe hawakuiti mdau. Wanakuita mlengwa. Neno hili nimelifikiria sana mezani pale. Anayelengwa ni ndege, na anayemlenga ameshika manati. Masanja akikosa shule huko kwako kwa sababu ya homa, mnakatwa malipo. Ili uandikwe tu, majirani waliitwa mkutanoni waseme mbele ya watu kwamba kweli huna kitu. Tajiri nani anamkagua? Muda wetu wa kujifunza ukiisha atatuaga, atachukua wengine wa kuwafundisha kutoa punje nyeusi, na atalipwa tena. Nilimuuliza msimamizi kama tutaajiriwa baadaye. Akacheka, akasema, "Mbuke, wewe jifunze kwanza." Sikukipenda kicheko kile.

Tangu siku hiyo kila anayenifanyia wema namtazama mara mbili. Msimamizi akiniuliza nimeamkaje, najiuliza analipwa na nani kwa kuniuliza. Na ndipo, mayu, nikaanza kuwatazama na ninyi. Usinikasirikie, soma mpaka mwisho.

Nimepata chumba chenye dirisha, na shule iko karibu, hata barabara kuu havuki. Tangu Pasaka naomba Masanja aje tukae wote. Kwanza Kabula akasema mtoto anaumwa. Halafu ikawa mitihani. Halafu juzijuzi mkampa simu Masanja mwenyewe, akaniambia, "Mama, sitaki kuja, naangalia mustakabali wangu." Akanyamaza, kama mtu anayesubiri kuambiwa linalofuata. Mayu, yule ni mtoto wa darasa la pili. Hata neno "baiskeli" bado linampiga chenga. Mustakabali kautoa wapi? Nani alikuwa amesimama nyuma yake?

Najua Masanja akiondoka jina lake linatolewa kwenye kaya yako na malipo yanapungua. Mimi si mjinga, na wala sikuiti mbaya. Mimi mwenyewe nimekaa mbele ya kamera nikajifanya nimeijua kahawa mwezi huu, ili nisikose ujira. Serikali imempa tajiri sababu ya kunishika mimi, na imekupa wewe sababu ya kumshika mwanangu. Ila tajiri akiniachia hapungukiwi kitu, na wewe ukimwachia Masanja unapungukiwa unga. Haki iko wapi hapo, mimi siioni. Na siwezi kukuahidi kwamba nitaliziba pengo, maana baada ya msimu sijui nitakuwa wapi. Ninachojua ni kwamba namtaka mwanangu na inaniuma. Watoto wa shule ile wakitoka mchana nikiwa njiani, naharakisha nisiwaone.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kama ni kwa sababu ya malipo, niambie hivyohivyo: Mbuke, tukimtoa mtoto tutalala na njaa. Nitaelewa, nitangoja, tutatafuta njia pamoja. Lakini msimfundishe kusema hanitaki. Neno hilo akilizoea mdomoni, ataliamini.

Nisalimie baba mkubwa, na kikohozi chake asikifiche, aende zahanati. Nisalimie shangazi wa cherehani, mwambie kitenge nilichomwahidi nimekipata Tunduma kwa bei nzuri. Msalimie jirani anayempa Masanja maziwa. Huyo ndiye nisiyemshuku, maana hakuna anayemlipa. Kabula naye msalimie sana, mwambie dada yake anampenda na anamwona.

Jumapili nitapiga simu baada ya ibada. Mpe Masanja simu, zima hiyo sauti ya juu, kisha wewe na Kabula mtoke nje mpaka nimalize naye. Akisema kwa maneno yake kwamba hataki kuja, hata ikiwa ni kwa sababu ya mbuzi wake, nitalia na nitakubali. Lakini nikiusikia tena mustakabali, Jumatatu niko kwenye basi.

Ni mimi binti yako, mwanagenzi mzoefu,
Mbuke