Zawadi Uliyokubali Niichukue

Chanji,
Sumbawanga.
23 Februari 2026.

Mpendwa dada Edith,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Na Timoth wetu? Sisi huku Ufipa tu wazima. Mvua hazitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Mama yetu miguu inamsumbua, ila mdomo bado mzima kabisa.

Dada, nilikushukuru ulipomletea Lucia simu. Leo nakushukuru zaidi kwa kukubali niichukue.

Unatujua tulivyo: zawadi ya mama mkubwa hainyang'anywi mtoto mpaka aliyeitoa aseme. Kwa hiyo niliumia kimyakimya. Mwanafunzi mwenzake alimrekodi Lucia akimsalimia bibi yake pale Majengo, amepiga magoti na kupiga makofi kama tulivyolelewa. Wenzake wakaisambaza video mtandaoni kwa vicheko. Binti yangu akawa anashinda kwenye simu akisoma matusi ya watu asiowajua, na salamu kwa bibi yake zikakoma. Akawa anampita mlangoni kama hamwoni. Mama akaniuliza amemkosea nini mjukuu wake. Nililia jikoni, dada.

Ndipo ulipopiga, ukasema huko Australia sheria imewafungia mitandao watoto wasiofika miaka kumi na sita, na Timoth amenuna. Ukaniambia, "Ichukue hiyo simu. Mwambie Lucia nimesema mimi. Anikasirikie mimi niliye mbali." Hujui mzigo ulionitua.

Alinuna kweli! Ugali alisusa, maharage akala. Nasi akina mama wa jumuiya tumejiwekea sheria yetu: hakuna simu janja mpaka mtoto amalize kidato cha nne. Polisi hatuna, tuna macho tu.

Jana baada ya misa Lucia alikwenda mwenyewe kwa mama, akapiga magoti, akapiga makofi. Mama akasema, "Nilidhani nimeshakufa, mkasahau tu kunizika." Lucia akamlalia mapajani akilia. Mimi nilitoka nje kwa furaha.

Mume wangu Flavian anakusalimu, na jirani yetu Rahel pia. Mungu awalinde huko ugenini, awarudishe salama.

Mama anasema Timoth akija, naye atasalimia kwa magoti. Nikamwambia mtoto wa Australia hajui. Lucia akadakia, "Nitamfundisha mimi."

Mdogo wako akupendaye sana,
Cornelia