Kura ya Bastola Kanisani

Alhamisi, 3 Oktoba

Yule mgombea wa seneti ya jimbo katokea tena kwenye televisheni. Safari hii kavaa koti la kuwindia. Jipya! Mikunjo ya dukani bado iko kifuani. Kashika bunduki kama mtu anayefukuza popo kwa ufagio, kidole kwenye kifyatulio, mtutu unamtazama mpiga picha. Anasema anaheshimu "utamaduni wetu wa kuwinda." Utamaduni — kama vile sisi ni ngoma ya kuchezea wageni. Kwa pumzi hiyohiyo anataka magazini isizidi risasi kumi. Kwa nini kumi? Kwa nini si tisa, si kumi na mbili? Aliyeipata namba hiyo alihesabu vidole vyake, basi.

"Zima hiyo," mke wangu Darla akasema. "Wewe unapenda kukasirika kuliko kula."

Si kweli. Nilikula vizuri.

Hesabu yangu ni hii. Mwezi Machi wezi walikata uzio wa uwanja wangu wa kazi. Nikapiga simu polisi na kubonyeza saa ya mkononi. Dakika thelathini na nne. Polisi wawili kwa maili za mraba mia saba — si kosa lao, ni vijana wazuri. Lakini dakika 34! Kwa muda huo mwizi angepakia vyoo vyangu vya kukodisha vyote 212, avioshe, halafu anikodishie mimi. Nilisimama getini na bunduki ya marisau mkononi, nikakohoa. Wakakimbia. Hakuna aliyekufa, hakuna gazeti lililoandika. Bunduki isiyolia haiingii kwenye takwimu za mtu.

Nilianza na gari moja bovu la kunyonya maji taka, mwaka 1989. Leo ni manne, na wafanyakazi kumi na mmoja. Kila harusi, kila mnada, kila mkutano wa siasa katika kaunti tatu hujisaidia ndani ya mali yangu. Vyama vyote viwili. Nawajua kutoka chini. Hawana tofauti.

Jumapili, 6 Oktoba

Kumekucha. Mchungaji Tanner — miaka ishirini na tisa, miezi minane tu hapa kwetu, ndevu za mtema kuni na mikono ya mpiga kinanda — katangaza kwamba timu ya ulinzi itapigiwa kura. Sheria ya jimbo inataka ruhusa ya mchungaji kwa anayeingia kanisani na bastola iliyofichwa. Mchungaji aliyestaafu alinipa ruhusa kwa kupeana mkono. Huyu wa sasa anataka "sauti ya kusanyiko." Jumatano tarehe 16, baada ya chakula cha jioni.

Timu niliianzisha mimi. Tuko sita. Kila Jumapili wawili: mmoja mlangoni, mmoja benchi la nyuma. Hatumtishi mtu, hatuvai miwani myeusi. Wanaotaka kujua tunalinda nini wawaulize waliozika watu wao waliopigwa risasi kanisani wakiwa na vitabu vya nyimbo mkononi.

Aliyelianzisha jambo lenyewe ni Mwalimu Eunice Pruett. Miaka 84. Ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la tatu. Kasimama na mkongojo wake.

"Nyumbani nina bunduki mbili," akasema. "Wiki iliyopita nimepiga kindi wanne na kuwala. Kwa hiyo msiniletee habari za katiba. Nazungumzia wanaume wa umri wa Verlin wanaosinzia kwenye mahubiri na risasi kumi na sita kiunoni."

Kanisa zima likacheka. Sisinzii! Nafumba macho nisikie vizuri.

Burl Hatchett, msaidizi wangu kwenye timu, dereva mstaafu wa lori la maziwa, akainuka. "Mwalimu, mbwa mwitu akiingia zizini utamfundisha jedwali la kuzidisha?"

"Nimefundisha wagumu kuliko mbwa mwitu, Burl. Wewe nilikufundisha miaka miwili, darasa lilelile."

Burl akakaa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wenye haki ya kupiga kura ni 71. Nimepita orodha jina kwa jina. Ndiyo 41. Hapana 24. Wasioeleweka 6, na wanne kati yao hubadili mawazo kila wanapobadili pai. Tunashinda.

Kutoka mjini habari ni zilezile. Mtu kaachiwa kwa dhamana mara tatu, mara ya nne kampiga risasi muuza duka. Na suluhisho lao ni lipi? Kuniandikisha mimi na bunduki zangu! Mtu ambaye kosa lake la mwisho mbele ya sheria ni taa ya nyuma, mwaka 1997. Ng'ombe kavunja uzio, nao wanampiga faini farasi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio, kama ripoti.

Baada ya ibada kulikuwa na shindano la supu ya nyama, maharage na pilipili. Masufuria tisa. Nilionja sita. Ya Burl ilikuwa ya nyama ya kulungu na kitu ambacho kingefaa kuulia magugu. Saa saba na dakika kumi nikaenda choo cha wanaume. Haraka.

Anayebeba bastola anajua taabu yenyewe. Ukishusha suruali, chuma kinavuta mkanda wote sakafuni, na jirani anaona mambo yako chini ya mlango. Kwa hiyo unaichomoa. Unaiweka mapajani, au ndani ya suruali iliyoshuka. Hilo ndilo ninalowafundisha wenzangu. Mimi niliiweka juu ya kasha la karatasi za choo.

Burl akagonga. "Kaka Verlin! Uko hai, au tuite jamaa?"

Nikacheka. Nikanawa mikono sekunde ishirini, kama kibao kinavyoagiza. Nikatoka, nikapokea pongezi kwa supu ya Darla.

Nyumbani, maili kumi na moja, navua mkanda. Mwepesi.

Nikarudi. Saa nane na dakika arobaini na moja nilikuwa chooni. Dakika tisini na moja zimepita! Juu ya kasha hakuna kitu. Nimetazama pipa la taka, tangi la maji, juu ya dari. Miaka thelathini na tano naingiza mkono chooni kuwatafutia watu pete, meno na simu, nikiwacheka moyoni. Mwaka jana polisi wa kaunti jirani alisahau yake kwenye choo cha mgahawa. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilimtumia kadi.

Mlango unaofuata ni darasa la watoto. Leo walikuwa ishirini na watatu. Nilihesabu viti vyao. Nikakalia kimoja, magoti yakanigota kidevuni. Nilitaka kuomba nikashindwa. Nikahesabu tena viti.

Nimewapigia simu wazazi wote, familia kumi na moja. Nimesema kuna kitu cha hatari kimepotea chooni, waangalie mifuko ya watoto sasa hivi, nasubiri kwenye simu. "Kitu gani?" Kila mmoja aliuliza hivyo. "Cha kazini kwangu," nikasema. Wakadhani ni ile dawa ya buluu ya vyoo. Wote wakarudi kwenye simu: hakuna kitu.

Darla kauliza, dawa gani? Nikamwambia kali. Huo ni uongo wa nne katika ndoa ya miaka thelathini na sita. Wa tatu ulihusu boti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sijala. Mara mbili nimeinua simu kuwaarifu polisi wa kaunti, mara mbili nimeiweka. Nikaapa kupiga saa sita mchana. Saa tano na nusu Mwalimu Pruett akapiga ofisini.

"Verlin, choo changu kimeziba. Njoo kesho saa nne."

"Nitamtuma kijana, Mwalimu."

"Nimesema wewe."

Tangi lake la maji taka nililiweka mimi mwaka 2019. Haliwezi kuziba. Lingemeza piano.

Polisi sikupiga.

Jumanne, 15 Oktoba

Choo hakikuziba.

Jikoni, mezani, kitambaa cha sahani chenye picha za kuku. Akakifunua kama mtu anayeonyesha mkate. Bastola yangu, chemba wazi, magazini pembeni. Risasi ziko ndani ya chupa ya jemu. Kazipakua zote mwenyewe, na vidole vile vya baridi yabisi!

"Hesabu," akasema.

"Mwalimu, naziona."

"Kwa sauti."

Nikahesabu. Mtu mzima, miaka sitini na moja, magari manne. Kumi na sita.

"Mtoto wa akina Dawes alitoka chooni akaja kunishika sketi," akasema. "Ana miaka sita. Akaniambia: 'Bibi, Kaka Verlin amesahau bastola yake. Sikuigusa. Kaka Verlin alisema tukiona tusiguse, tumwambie mtu mzima.' Nikaingia mwenyewe nikaichukua."

Ni kweli nilisema. Mwezi wa pili, darasa la Jumapili, nikiwa na bango la yule tai anayefundisha watoto usalama wa bunduki. Kwa nusu dakika nilijisikia fahari.

"Alikuwa nayo peke yake humo ndani," Mwalimu akasema. "Mlango umefungwa. Fundisho lako ni zuri, Verlin. Lilifika. Mwalimu ndiye aliyekosekana."

"Basi umepata ulichokuwa unakitafuta. Kesho utawaambia."

"Mimi? Nitasema nilichosema mara ya kwanza, kwamba mnasinzia."

"Na hii?"

"Hii ni yako. Ichukue. Ifunike na hicho kitambaa, jirani yangu ana darubini za ndege na hatazami ndege." Akaanza kuosha kikombe. "Yule mtoto nilimwambia amefanya vizuri sana, na kwamba mwenye bastola atakuja kumshukuru, mbele ya mama yake."

"Kwa hiyo unanilazimisha."

"Sijakuambia ufanye nini. Nimekuambia nilichomwambia mtoto."

Angenitisha ningefurahi. Mtu akinitisha najua la kufanya. Seneta akinitisha namwandikia barua, mwizi akinitisha namkoholea. Bibi wa miaka 84 kanirudishia bastola yangu na kitambaa cha kuku juu yake, mimi ndiye nasema asante, na njia nzima naendesha kwa maili thelathini kama mtu aliyebeba mayai.

Jumatano, 16 Oktoba

Naandika ndani ya pikapu, uwanja wa kanisa. Mapumziko ya dakika kumi, pai na kahawa. Zimebaki sita.

Waliokuja ni 68. Kwa nyuso zao nahesabu ndiyo 43. Mwalimu kasema dakika mbili: tunasinzia. Wakacheka. Hakunitazama hata mara moja. Wanasiasa wote wa jimbo hili hawawezi kufanya hivyo, kushika karata ya aina ile na kutoitupa mezani.

Kisha Burl. "Miaka sita!" Akagonga benchi. "Ibada mia tatu! Chini ya Kaka Verlin, nani ameona kosa? Hata moja?" Wakajibu "Amina." Wengine wakanipigapiga begani. Mama Dawes, safu ya tatu, kanipungia mkono. Sijui huyo mama anajua nini. Kijana wake alikuwa ananitazama mimi tu, hafumbi macho, kama anayengoja zawadi yake.

Baada ya mapumziko ni mimi wa mwisho, halafu kura.

Nimeipiga hesabu pande zote. Nikisema, ndiyo zinashuka hadi 30, labda 28. Tunashindwa. Wanaume watano wasio na kosa wananyang'anywa ulinzi kwa sababu ya tumbo langu na supu ya Burl. Mlango unabaki wazi, na polisi wako mbali kama walivyokuwa jana. Hilo bado ni kweli! Nikisema, halibadiliki. Nisiposema, halibadiliki. Bastola haikujiweka yenyewe juu ya lile kasha. Kosa lina mwenyewe, na kwa hilo nimewapigia kelele watu wa mjini maisha yangu yote: mshike mtu, acha chuma. Basi mtu ni huyu hapa. Anajificha ndani ya gari.

Nisiposema, tunashinda kwa kura kumi na nane. Na kila Jumapili nasimama mlangoni, yule mtoto anapita, ananitazama.

Karatasi ya hotuba iko mapajani. Niliichapa wiki iliyopita. Wanaume 6. Miaka 6. Ibada 312. Makosa 0. Namba nzuri, zimekaa kwenye mstari. Nimeikata ile sifuri kwa kalamu. Nimeandika 1. Kisha nimekaa naitazama kama imeandikwa na mtu mwingine.

Darla kaja na pai ya maboga, kafungua mlango, kapanda, kakaa. Kanipa uma. Macho yake yakaangukia karatasi.

"Hii moja ni ya nani?"

Naandika ili nisimjibu. Kengele imeshapigwa. Kupitia dirishani namwona Mchungaji Tanner anapanga maboksi ya kura, na Burl kasimama mlangoni ananiita kwa mkono. Darla hajashuka. Pai iko mapajani kwake, haili. Kaniambia taratibu, "Verlin. Weka kalamu chini."